Ijumaa Tuliyosalimiwa

Joto limevunjika juzi. Nimezima kiyoyozi, nimefungua madirisha ya sebuleni, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nne nimewasikia watoto wa jirani wakicheza nje hapa Ghubra, mbali kidogo na Maskati ya zamani. Kila mwaka majira haya binti yangu wa mwisho huandika kwenye lile kundi letu la ukoo la kwenye simu: "Haya jamani, tuambizane. Mko vipi? Mnatazama nini? Mnasoma nini?" Basi hapo utawaona. Huyu tamthilia ya Kituruki, yule ya Kikorea, na mpwa wangu mmoja anasoma kitabu cha namna ya kutajirika, naye hajawahi kuamka kabla ya saa nne. Mimi huwa nasoma tu, sijibu. Safari hii kaniandama: "Na wewe mama, zama zenu Maskati mlikuwa mkitazama nini?"

Nimecheka peke yangu. Kutazama! Tulikuwa tukitazama ukuta, mwanangu. Kisha nikakumbuka, nikaacha kucheka. Basi wewe kaa hapa, mwenzangu. Kahawa imo kwenye birika, tende hizo mbele yako. Nitakwambia wewe, maana wale hawana subira ya maneno marefu, na haya siwezi kuyafupisha.

Tulifika Maskati mwaka sitini na nne, mimi nna miaka minane na mdogo wangu wa kiume hajatimia mitatu. Tulikuja na Mama na Bibi mzaa baba. Baba hakuwamo. Siku zile za vurugu Unguja alitoka asubuhi kwenda shamba kuwatazama watu wake kama wamesalimika, akamwambia Mama asifungue mlango mpaka arudi. Hakurudi. Walimtafuta waliothubutu kutafuta. Hakuonekana yeye, halikuonekana kaburi, hakuna aliyesema nimemwona amekufa wala nimemwona mzima. Tukapandishwa meli tukaondoka bila ya kujua.

Watu husema tulirudi kwetu. Kwetu wapi? Mimi Maskati nilikuwa siijui hata harufu yake. Nilichokuta ni mawe na joto. Ami yangu, kaka yake Baba, alikuwa akiishi huko tangu ujana wake, mtu mpole, mjane, hana mtoto. Akatupa vyumba viwili vya juu katika nyumba yake ndani ya ukuta wa mji. Magharibi ikishapita muda, milango ya mji ilikuwa ikifungwa, na mwenye kutembea njiani lazima ashike kandili mkononi, asipokuwa nalo anakamatwa. Maji tuliletewa kwa punda. Skuli ilikuwako ya wavulana. Ya wasichana hapana, na hakuna aliyeona ajabu ila Mama. Yeye alikuwa mwalimu Unguja, alizoea kusimama mbele ya watoto na chaki. Sasa akawa anafua, anapika, anampaka Bibi mafuta ya miguu, na anasubiri.

Hilo la kusubiri ndilo nnalotaka kukwambia. Mama alikuwa na miaka ishirini na saba. Hakuwa mke, kwa sababu mume hayupo. Hakuwa kizuka aliyefiwa, kwa sababu mume hakufa. Hawezi kuolewa, hawezi kukaa eda, hawezi hata kulia kwa sauti, maana akilia Bibi humwambia, "Unamlilia nani? Mwanangu yu hai." Bibi alikuwa hodari, mrefu, mkali wa maneno, na mtoto wake yule ndiye aliyekuwa roho yake. Katika sala zake zote alimwombea kama mtu aliye safarini, hata siku moja hakumwombea kama maiti.

Miezi ya joto tulikuwa tukilala juu ya sakafu ya paa, shuka tumeziroweka maji, na nusu ya mji imehamia kwenye mashamba ya mitende. Joto likivunjika watu hurejea, na wanarejea na tende. Hapo ndipo nyumba yetu ilipopata uhai. Kila Ijumaa baada ya laasiri wanawake wa Unguja waliokuja kama sisi walikusanyika chumbani kwa Bibi. Mama alitengeneza mkate wa kumimina usio na nazi, maana nazi ya kuaminika haikupatikana, akatia maziwa, na kila Ijumaa mtu mmoja lazima aseme, "Mtamu, lakini si ule." Tende zilipondwa na ufuta. Udi ulifukizwa. Mimi nilikuwa na kazi ya kushika birika la kahawa na kutomwaga, na nilimwaga sana.

Kwanza zilikuja khabari. Waomani wana desturi yao: mgeni akishakaa lazima aulizwe, kuna ulumu gani, kuna khabari gani, na yeye lazima ajibu kwamba hakuna, kumetulia, hata kama nyumba yake inaungua. Baadaye, taratibu, ndiyo atasema. Wanawake wetu waliicheka sana desturi hiyo, wakaiga kwa mzaha. Bibi anauliza, "Kuna ulumu?" nao wanajibu kwa sauti ya Kimanga, "Abadan, hakuna," kisha wanaangua kicheko na kumwaga yote: fulani kaonekana Dar es Salaam anauza vitambaa, fulani katoka jela, binti wa fulani kaolewa kwa nguvu. Ikifika zamu ya Mama naye alisema, "Abadan, hakuna." Yeye tu ndiye aliyekuwa akisema kweli, na hapo hakuna aliyecheka.

Kisha redio. Ami alikuwa nayo moja ya betri, ameifunika kitambaa alichodarizi marehemu mkewe, na alituambia kila mara, "Punguzeni sauti," maana zama zile mtu uliogopa hata kivuli chako. Tulipata idhaa ya ng'ambo, kutoka Mombasa, pwani ya kwetu, inakuja na kwenda, mara inaunguruma mara inapiga mluzi. Kulikuwa na mchezo wa bwana mmoja bakhili aliyeficha sukari chini ya kitanda na mkewe anayemjua fika. Tukicheka mpaka Bibi anajifuta machozi. Na baada ya mchezo, kipindi cha salamu. Msomaji anasoma majina ya watu wanaowasalimu jamaa zao, popote walipo, kisha anapiga wimbo. Chumba kizima kiliisogelea redio. Kila mmoja alikuwa na mtu wake aliyepotea, na kila mmoja aliomba kimoyomoyo jina hilo lisomwe. Wimbo ukianza, wanashusha pumzi na kurudi kwenye kahawa.

Mwisho, kusoma. Mwalimu wa mdogo wangu, Mzanzibari mwenzetu, aliyefiwa na mkewe, alikuwa na majarida ya zamani ya Kiswahili aliyokuja nayo kwenye sanduku. Siku moja alimpa mdogo wangu moja ampelekee Mama, amefunga kwenye kitambaa safi. Likirudi, akatoa jengine. Mama aliwasomea wenzake hadithi za humo, zile za mfululizo, na kwa kuwa matoleo mengine hayakuwapo, palipokatika alitunga mwenyewe. Yallah, alivyokuwa akitunga! Alibadilisha sauti, akamfanya mwanamume kuwa na kigugumizi, akamtia mke wa pili kiburi cha shingo. Wanawake walijua kabisa kwamba hayamo kwenye jarida, na walikuwa wakipenda yale zaidi. Mimi nilijifunza kusoma kwenye mapaja yake, kidole changu juu ya kidole chake. Nikimwona Mama anasoma, nilikuwa nasahau kama sisi ni watu waliokimbia.

Mwalimu yule hakuwahi kupanda ngazi zetu. Nilimwona njiani tu, kanzu yake imefuliwa mpaka imekuwa nyembamba, anatembea ametazama chini. Lakini vitambaa alivyofungia majarida vilikuwa vikinukia asumini, na Mama alivifua mwenyewe, hakuniachia mimi.

Ilipotimia miaka minne na zaidi bila ya Baba, Ami akamwita Mama na Bibi barazani kwake. Mimi nilikuwa namenya viazi, nikasikia yote. Alisema kwa upole kwamba sharia ina njia kwa mke wa mtu aliyepotea katika maangamizi. Miaka minne anasubiri, nayo imepita. Sasa ndugu wa mume anakwenda kwa kadhi, mume anahukumiwa kuwa amekufa, mke anakaa eda miezi minne na siku kumi, kisha yuko huru. Akaongeza kwamba kuna mtu wa heshima ameshamwulizia Mama, anawataka na watoto wote wawili, na yuko radhi kusubiri mpaka eda iishe. Hakutaja jina. Hakuwa na haja.

Niliona masikio ya Mama yamekuwa mekundu. Bibi ndiye aliyesema. "Utakwenda kwa kadhi umwue ndugu yako?"

"Mama, mimi simuui," Ami akamjibu.

"Unataka kumzika hai! Na wewe," akamgeukia Mama, "umeshachoka? Miaka minne tu umeshachoka? Mimi nimemzaa, sijachoka."

Mama akasema kwa sauti ndogo, "Nimechoka, mama. Wallahi nimechoka."

Sijawahi kusikia jambo la kweli zaidi likisemwa katika nyumba ile. Ami akakata shauri: wiki mbili zijazo, baada ya sala ya Ijumaa, atakwenda kwa kadhi. Bibi hakubishana tena. Alishika tama tu, na baadaye kidogo nikamwona ametoka, bakora mkononi, anakwenda nyumba ya pili. Huko aliishi jirani yetu, mwanamke wa watu, mcheshi, ambaye mwanawe alikuwa akifanya kazi ya duka Mombasa. Nilidhani amekwenda kulia kwa shoga yake. Mtu akitaka kulia hamwulizi mtoto ruhusa.

Wiki mbili zikaja kuwa nyingi, kwa sababu kadhi aliugua, kisha Ami naye akashikwa na homa. Joto lilikwishavunjika kabisa, tulishateremka kutoka paa, na Mama alikuwa mwepesi. Nilimwona akiimba anapochekecha unga. Aliniambia, "Ukubwani utasoma, we mtoto, hata kama ni kwa kujificha." Alikuwa ameshaanza kuamini kwamba mlango utafunguka.

Ijumaa ambayo Ami alikwenda hatimaye, baada ya sala alikuta kadhi ana wageni, akaambiwa arudi kesho. Laasiri wanawake wakaja kama kawaida. Mchezo wa bwana bakhili ukaisha, salamu zikaanza. Mimi nilikuwa mlangoni na birika. Msomaji akasoma ya kwanza, ya pili, kisha, kwa sauti ileile ya kuchoka, akasoma jina la Baba. Jina lake, la babake, la babu yake, na ukoo. Anamsalimu mama yake mzazi huko Maskati, anamsalimu kaka yake, anamsalimu mke wake na wanawe. Anasema yeye ni mzima, wasimsahau, na Mungu akipenda wataonana. Kisha wimbo.

Nilimwaga birika zima. Hakuna aliyenigombeza. Chumba kililipuka vigelegele, mtu analia, mtu anasujudu, mtu anambusu Bibi kichwa, na redio inaimba peke yake. Bibi alikaa wima katikati yao, machozi yanamtiririka, anasema, "Niliwaambia. Niliwaambia." Ami alipanda ngazi mbio, yeye ambaye hapandi mbio, akalia kwa kwikwi kama mtoto. Nami nilirukaruka, nikamwinua mdogo wangu, nikamwambia baba yupo, baba yupo, naye hamjui hata sura.

Mama alikuwa ameketi palepale, jarida mapajani. Usoni mwake yalipita mambo mawili, na mimi niliyaona yote mawili, ingawa ilinichukua miaka kuyajua. La kwanza lilikuwa kitu kuvunjika. La pili lilikuwa furaha, na furaha ile haikuwa ya uongo, alimpenda Baba. Alilikunja jarida taratibu, akaliweka chini ya mto, akainuka akamkumbatia mkwewe.

Habari ya kadhi ikafa siku hiyo. Mwalimu aliletewa jarida lake, akalipokea, na halikuja tena jengine. Alikuwa mtu mwenye adabu. Mke wa mtu ni mke wa mtu. Mwaka haukwisha akasafiri Kuweti kufundisha, kama walivyosafiri wengi, maana Maskati ile hapakuwa na kazi wala kesho. Tulisikia kwamba kaoa huko. Mama alipoambiwa alisema, "Mungu ampe kheri," akaendelea kuchagua mchele.

Sasa tukamtafuta Baba. Tufanyeje? Wa kuuliza Mombasa tulikuwa naye mmoja tu, mwana wa jirani. Jirani akasema mwanawe ataulizia, tusiwe na wasiwasi. Majibu yakaja: kweli alikuwapo Mombasa, lakini kahamia Tanga. Baadaye, si Tanga, kapita Lamu. Baadaye anaumwa kidogo, lakini anaendelea vizuri. Kila tukikaribia kumshika, alikuwa ameshahama. Na kila Ijumaa, sikiliza haya mwenzangu, kila Ijumaa Mama alikoga, akavaa nguo yake nzuri, akatia wanja, akajifukiza udi, akakaa mbele ya redio. Kana kwamba atamwona. Salamu hazikurudi. Mchezo wa bwana bakhili ulikwisha, ukaanza mwengine wa wapangaji wanaogombania bomba, hatukuucheka sana. Kusoma kulikufa kwa kukosa majarida. Wenzake walimwambia, "Basi tungia tu mwenyewe, wewe si unajua," naye akajibu kwamba hadithi zimemkauka.

Alikaa hivyo mpaka mwaka sabini. Unajua mwaka sabini ulikuwaje. Alishika sultani mpya, nchi ikafunguka. Milango ya mji ikaachwa wazi, watu wakacheza ngoma mabarabarani, redio zikatolewa madirishani zinapiga kwa sauti ya juu mpaka vioo vinatetema. Waliokuwa ng'ambo wakaanza kurudi kwa makundi. Skuli ya wasichana ikatajwa, na mimi nikaandikishwa, msichana mkubwa mzima kati ya watoto wadogo, na sikujali. Joto lilipovunjika mwaka ule, kila mtu alionekana kama aliyetolewa chini ya gunia.

Katika waliokuja alikuwamo mtu mmoja wa shamba, jamaa wa mbali, aliyefungwa miaka mitano Unguja. Alikuja kwa Ami jioni, akakataa chakula, akasema ana amana kifuani na hawezi kula kabla ya kuitoa. Mama na Bibi walikaa nyuma ya pazia. Mimi nilikuwa nimemshika Mama mkono. Mtu yule akasema kwamba Baba alifika shamba asubuhi ileile aliyotoka nyumbani, na kabla ya adhuhuri alikuwa ameshauawa. Mtu huyo na mwenzake ndio waliomzika, chini ya mkarafuu, bila ya sanda, kwa nguo zake, na mwenzake huyo naye akafa jela. "Nimebaki mimi tu ninayelijua kaburi," akasema.

Ami akasema, "Haiwezekani. Alitusalimu. Mwaka sitini na nane alitusalimu redioni, mji mzima ulisikia."

"Hakukusalimuni, sheikh. Nilimtia mchanga kwa mikono hii."

Nyuma ya pazia Bibi alikuwa anatazama mikono yake. Kisha akasema, wala hakuinua sauti, "Salamu nilizituma mimi."

Akaeleza kwa ufupi. Alimwomba jirani, jirani akamwomba mwanawe, mwanawe akapeleka kadi ya salamu redioni kwa jina la Baba. Yale ya Tanga na Lamu yalikuwa ya jirani, kwa kuwa mtu akishaanza hajui pa kuachia. "Nilitaka kuchelewesha tu," Bibi akasema. "Nilisema labda atatokea kweli. Nilisema wasimzike kabla hajatokea."

Mama aliuondoa mkono wake katika mkono wangu. Nilidhani atampiga. Ningetaka ampige, Mungu anisamehe. Aliinuka tu, akavua bangili zake moja moja, akaziweka sakafuni.

Kadhi alipoulizwa, jibu lake lilikuwa zito kuliko msiba. Akasema eda huhesabiwa tangu siku ya kifo. Kwa hivyo eda ya mama yenu ilikwishapita zamani, tangu mwaka uleule wa sitini na nne, hana deni. Unaelewa maana yake? Mama alikuwa huru siku zote zile. Alikuwa huru Mwalimu alipompelekea kitambaa cha asumini. Alikuwa huru alipokuwa akitia wanja kwa ajili ya redio. Kadhi akaongeza kwamba wako mashekhe wanaosema eda huanza siku mke anapopata khabari, na Mama akasema, "Basi mimi nitashika ya hao."

Ami alimsihi. Mimi nilimlilia. Nje watu wanacheza, mji umefunguliwa, skuli imefunguliwa, na yeye mwenyewe anajifungia! Aliniambia, "Sikumlilia babako hata siku moja. Kila nilipotaka nilikatazwa. Niacheni nimlilie." Akaingia chumba cha nyuma, hana wanja, hana manukato, hatoki wala haonekani na mwanamume asiye maharimu wake, na akalia. Alilia msiba wa miaka sita. Nilikuwa nikitoka skuli nampelekea kitabu changu, tunasoma pamoja kidogo, kisha analia tena.

Jirani hakukanyaga kwetu tena. Wanawake wa Ijumaa nao wakapungua. Wengine walipata nyumba Ruwi, nje ya ukuta, wengine waume zao walipata kazi serikalini, na nani alikuwa na hamu ya kusikiliza redio kwa sauti ya chini tena? Bibi alibaki peke yake chumbani mwake. Ami alisema naye kwa lazima tu. Mimi nilimwekea chakula chake nikageuka. Alikonda. Akaanza kusahau, kwanza vitu vidogo, bakora, tasbihi, kisha akaanza kuita watu waliokufa. Na Ijumaa, baada ya laasiri, alijikokota mpaka kwenye redio ya Ami, akaishika kwa mikono miwili, akasubiri salamu alizozituma mwenyewe.

Siku eda ilipokwisha, Mama alikoga, akavaa kanga mpya aliyonunuliwa na Ami. Ilikuwa Ijumaa, haikupangwa, ilitokea tu. Alitoka chumbani amekuwa mwembamba, anakunja macho kwa mwangaza. Ilibidi apite mbele ya Bibi, hapana njia nyengine. Bibi akamwona, uso ukamchangamka kama vile hakuna lililopita baina yao, akamwuliza, "Mwanangu, kuna ulumu? Hawajamtaja?"

Nikasema moyoni, mwambie. Mwambie leo, mbele yetu, alivyokufanya. Una haki, mama.

Mama akachutama mbele yake, akamfunga vizuri mtandio uliomtoka kichwani.

"Wamemtaja, mama," akasema. "Anakusalimu. Amekutanguliza wewe kabla yetu sote."

Bibi aliishi miaka mitatu baada ya hapo, na kila Ijumaa alisalimiwa. Mama alimsamehe. Mimi sikuweza, na sasa ni mtu mzima nnakwambia, mpaka leo sijaweza. Nyumba ile imevunjwa, wanawake wale wamebaki wawili na mmoja hanijui tena, na idhaa hiyo sijui kama inasikika popote. Mama hakuolewa. Waliulizia watu, akasema wakati wake ulipita. Siku aliyotoka eda alikuwa na miaka thelathini na tatu. Binti yangu wa mwisho, huyu anayeniuliza tulikuwa tukitazama nini, ana miaka hiyohiyo sasa, na nikimtajia kuolewa huniambia, "Mama, kwani haraka ya nini? Mimi bado mtoto."